Usichanganye Chokaa na Mbolea Ghalani: Kemia Yatueleza Sababu



Kila mwaka, mvua ya masika ikikaribia, watu wengi huja ofisini kwetu kuuliza habari za chokaa na mbolea za chumvichumvi. Wengi huuliza, “Nitie kiasi gani?” Ni wachache waulizao, “Vitu hivi vikikutana, vyafanyana nini?” Mwezi huu nataka kujibu swali hili la pili, kwa sababu mkulima asiyelijua aweza kupoteza fedha yake kabla mbegu haijaingia ardhini.

Mzee mmoja wa skimu yetu alifika asubuhi moja akiwa amefunga unga mweupe kidogo katika kipande cha gazeti. Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa amefuatana na binti yake, asomaye shule ya sekondari, ambaye wakati ule alikuwa nyumbani kwa likizo.

“Mwalimu,” akaniambia, maana watu wengi wa hapa huniita hivyo kwa kuwa nilisomea ualimu kabla ya kushika kazi ya ukarani, “mbolea yangu imeoza. Ghala lote lanuka kama zizi lisilofagiliwa.”

Nikamwambia, “Mzee, mbolea ya chumvichumvi haiozi. Hebu nieleze ulivyofanya.”

Akaeleza. Alikuwa na gunia moja la mbolea ya CAN, la kilo 50, na magunia mawili ya chokaa iliyozimwa, ile ambayo mafundi hujengea nyumba. Aliona kwamba zote mbili zaenda katika shamba lile lile, basi ya nini kumlipa kibarua siku mbili? Jioni akatandaza turubai ghalani, akamwaga gunia la CAN na gunia moja la chokaa, akazichanganya kwa sepetu. Vumbi lilipozidi akanyunyiza maji kidogo. Kisha akafunga mlango akaenda kulala. Alipofungua asubuhi, harufu kali ilimpiga usoni hata akarudi nyuma.

Harufu ile, ndugu zangu, ndiyo mbolea yenyewe. Ilikuwa ikitoka ghalani kwa njia ya mlango.

Nilichukua karatasi ili nimwonyeshe mzee yaliyotokea. Nilipoandika mstari wa kwanza, yule binti akasema, “Hiyo tulifundishwa darasani, na nilipata alama zote. Lakini sikujua kwamba ni habari ya ghala letu.” Kwa sababu ya maneno yale naandika makala hii. Jambo ambalo watoto wetu hulisoma kwa jina la mlinganyo wa ioni si fumbo la kuwasumbua katika mtihani. Ni njia ya kujua, vitu viwili vikichanganywa, ni nani afanyaye kazi na ni nani asimamaye tu kutazama.

CHUMVI IKIINGIA MAJINI

Yatupasa kuanza na maji. Ukitia chumvi ya mezani katika sufuria ya maji na kukoroga, chumvi hupotea machoni. Lakini ukionja, ipo. Imekwenda wapi? Imeachana vipande vidogo sana, visivyoonekana kwa jicho. Kila kipande kina chaji ya umeme: vingine chaji chanya, ambayo twaiandika kwa alama ya kujumlisha (⁺), na vingine chaji hasi, ambayo twaiandika kwa alama ya kutoa (⁻). Vipande hivi vyaitwa ioni. Mtu aliyeeleza jambo hili alikuwa Msweden, jina lake Svante Arrhenius. Aliliandika mwaka 1884, na wakubwa wa chuo chake hawakulipokea kwa furaha. Lakini mwaka 1903 alipewa tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi ile ile.

Mbolea nyingi za dukani ni chumvi za namna hii. Zikipata maji huachana, na kila ioni huenda njia yake. Hizi hapa ni ioni tutakazozihitaji leo:

NH₄⁺ ni amoniamu. Hii hubeba naitrojeni, chakula cha majani.
NO₃⁻ ni naitreti. Hii pia hubeba naitrojeni.
Ca²⁺ ni kalsiamu. Tarakimu 2 ya juu yaonyesha kwamba chaji yake ni mbili.
OH⁻ ni haidroksidi. Hii ndiyo nguvu ya chokaa iliyozimwa, ile iunguzayo mikono ya fundi.
SO₄²⁻ ni salfeti.
CO₃²⁻ ni kaboneti.
H⁺ ni haidrojeni. Hii ndiyo ifanyayo udongo kuwa mchachu.

Usiogope herufi hizi. Zichukue kama alama za ng'ombe. Mtu asiyezijua huona michoro tu, bali mwenye kuzijua hutambua mara moja ng'ombe huyu ni wa boma gani.

KUANDIKA MLINGANYO KWA HATUA TATU

Hatua ya kwanza: andika vitu vyote kama vilivyotoka katika magunia, na vitu vyote vilivyotokea. Upande wa kushoto ni mwanzo, na upande wa kulia ni mwisho. Katika ghala la mzee, chokaa iliyozimwa ni Ca(OH)₂. Kitu chenye kazi ndani ya CAN ni naitreti ya amoniamu, NH₄NO₃. Basi:

Ca(OH)₂ + 2NH₄NO₃ → Ca(NO₃)₂ + 2NH₃ + 2H₂O

NH₃ ni amonia. Ni hewa, nayo ndiyo iliyomwuma mzee macho. H₂O ni maji. Mlinganyo huu ni wa kweli, lakini una msongamano. Bado hauonyeshi nani alimfanya nani.

Hatua ya pili: kila kitu kilichoyeyuka majini kiandike kama ioni zilizoachana. Lakini angalia sana hapa, maana hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea. Kinachoachanishwa ni chumvi iliyoyeyuka, asidi kali na alkali kali. Kitu kisichoyeyuka, yaani kilicho jiwe au unga uliotuama chini, huandikwa kizima. Hewa huandikwa nzima. Maji huandikwa mazima. Asidi dhaifu, kama ile ya siki, nayo huandikwa nzima, kwa kuwa sehemu ndogo tu ndiyo iachanayo. Basi mlinganyo wetu sasa ni huu:

Ca²⁺ + 2OH⁻ + 2NH₄⁺ + 2NO₃⁻ → Ca²⁺ + 2NO₃⁻ + 2NH₃ + 2H₂O

Hatua ya tatu: tazama kushoto, kisha tazama kulia. Kila ioni iliyo pande zote mbili bila kubadilika, ifute. Kalsiamu iko kushoto na iko kulia: ifute. Naitreti mbili ziko kushoto na ziko kulia: zifute. Yaliyobaki ni 2OH⁻ na 2NH₄⁺ upande huu, na 2NH₃ na 2H₂O upande wa pili. Kwa kuwa kila kimoja ni viwili, gawanya kwa mbili:

NH₄⁺ + OH⁻ → NH₃ + H₂O

Huu ndio mlinganyo wa ioni uliosafishwa. Kabla hujaweka kalamu chini, hesabu mara mbili. Kwanza hesabu atomi: kushoto kuna naitrojeni 1, haidrojeni 5 na oksijeni 1, na kulia ni vivyo hivyo. Halafu hesabu chaji: kushoto kuna moja ya kujumlisha na moja ya kutoa, jumla yake ni sifuri, na kulia pia ni sifuri. Ikiwa hesabu hizi mbili hazikubaliani, kuna kosa mahali.

WACHEZAJI NA WATAZAMAJI

Siku ya ngoma kijijini utaona watu mia wamezunguka uwanja. Ukihesabu watu wote, wafika mia. Lakini wanaotifua vumbi ni wachezaji wachache walio katikati. Wengine wamekuja, wametazama, na watarudi nyumbani kama walivyokuja. Ioni tulizozifuta ni watazamaji. Kalsiamu na naitreti zilikuwapo ghalani usiku ule, lakini hazikufanya neno.

Wachezaji walikuwa wawili: amoniamu ya mbolea na haidroksidi ya chokaa. Amoniamu ilikuwa imetulia ndani ya punje kwa kuwa ina chaji, na kitu chenye chaji hakirukiruki hewani. Haidroksidi ikainyang'anya haidrojeni moja na kuifanya maji. Amoniamu ikabaki amonia, haina chaji tena, haina cha kuishika, ikaruka. Na maji yale mzee aliyonyunyiza ili kutuliza vumbi ndiyo yaliyofungua uwanja wa ngoma, kwa maana ioni haziwezi kukutana vizuri pakiwa pakavu. Hata asingenyunyiza, CAN huvuta unyevu kutoka hewani, na kazi ingeanza pole pole.

HESABU YA HASARA

Sasa tuone mlinganyo wafaa nini mfukoni. Gunia la CAN lenye naitrojeni sehemu 26 kwa kila 100, likiwa na kilo 50, lina kilo 13 za naitrojeni. Katika naitreti ya amoniamu, nusu ya naitrojeni i katika amoniamu na nusu i katika naitreti. Yaani kilo 6 na nusu ziko katika mchezaji, na kilo 6 na nusu ziko katika mtazamaji.

Kwa uzito wa atomi zao, kilo 74 za chokaa iliyozimwa zatosha kufukuza kilo 28 za naitrojeni iliyo katika amoniamu. Basi kwa kilo 6 na nusu zatosha kadiri ya kilo 17 za chokaa. Mzee alitia gunia zima! Chokaa ya kufukuza amoniamu yake yote ilikuwapo, na nyingine ya ziada.

Aliposikia hivi akauliza kwa huzuni, “Basi niitupe?”

Nikamwambia, “La, Mzee, usiitupe. Tazama karatasi. Naitreti tuliifuta, na ile tuliyoifuta haijaharibika. Nusu ya naitrojeni yako ingali katika turubai.” Nikamshauri afungue milango ya ghala, hewa ipite kwanza kabla mtu hajaingia, maana amonia huumiza macho na kifua. Halafu autoe mchanganyiko ule siku hiyo hiyo, autandaze shambani kabla ya kupanda, na kuufukia kwa udongo mara moja, ili amoniamu iliyosalia, kama ipo, ishikwe na udongo wenye unyevu. Alifanya hivyo. Lakini ilimbidi kununua mbolea nyingine, na fedha ile ilikuwa imewekwa kwa ajili ya karo ya binti.

SWALI LA MZEE

Mzee hakuwa mtu wa kukubali upesi. Akasema, “Mwalimu, mimi nimesoma gunia. Limeandikwa kwamba CAN ina kalsiamu. Walionifundisha kuitumia walisema imetiwa jiwe la chokaa huko kiwandani. Kama chokaa yafukuza mbolea, mbona gunia la CAN halinuki dukani?”

Hili ni swali zuri kuliko mengi niliyoulizwa darasani. Jibu lake liko katika hatua ya pili. Katika CAN hutiwa jiwe la chokaa lililosagwa, CaCO₃, nalo si chokaa iliyozimwa. Katika lita moja ya maji, chokaa iliyozimwa huyeyuka karibu gramu 1.7. Jiwe la chokaa lililosagwa huyeyuka karibu sehemu moja tu ya mia ya kiasi hicho. Kwa hiyo chokaa iliyozimwa huachana, na haidroksidi zake huingia uwanjani. Zikitumika, nyingine huyeyuka na kushika mahali pake. Bali jiwe la chokaa hukaa zima, na katika mlinganyo twaliandika zima. Ioni iliyofungwa ndani ya jiwe haichezi ngoma.

Waona sasa kwa nini sheria ile ya kuandika vitu vingine vizima si ya kuwachosha wanafunzi. Mtu akiandika CaCO₃ kama ioni zilizoachana, karatasi yake itamwambia kwamba CAN haiwezi kukaa katika gunia hata siku moja. Gunia lenyewe lasema vingine.

Lakini sisemi kwamba unga wa jiwe la chokaa uchanganywe na mbolea ya amoniamu nyumbani na kuachwa mahali penye unyevu. Madhara yake ni madogo na ya pole pole, lakini yapo. Kila kitu kipewe siku yake.

MAGUNIA MENGI, MLINGANYO MMOJA

Mlinganyo uliosafishwa una faida nyingine. Ukiujua mmoja, umejua habari za magunia mengi. Chukua mbolea ya SA, ambayo ni salfeti ya amoniamu, (NH₄)₂SO₄, yenye naitrojeni karibu sehemu 21 kwa 100. Hii haina naitreti hata kidogo. Ukiichanganya na chokaa iliyozimwa katika maji ya kutosha, mtazamaji sasa ni salfeti badala ya naitreti. Maji yakiwa machache, salfeti na kalsiamu zaweza kutuama pamoja kama jasi, lakini hilo ni shauri lao wenyewe. Kwa upande wa amonia, mlinganyo ni ule ule: NH₄⁺ + OH⁻ → NH₃ + H₂O. Tofauti ni hii: katika SA naitrojeni yote ni mchezaji, kwa hiyo yote yaweza kuruka.

Na jivu la kuni je? Jivu lina kaboneti ya potasiamu, nayo huyeyuka sana. Kaboneti yake hufanya kazi iliyo jamaa ya ile ya haidroksidi:

NH₄⁺ + CO₃²⁻ → NH₃ + HCO₃⁻

Potasiamu ya jivu ni mtazamaji. Basi aliyezoea kuchanganya jivu na mbolea ya amoniamu katika ndoo moja, na aache desturi hiyo. Jivu ni zuri shambani, lakini lisikutane na mbolea hiyo katika ndoo.

NI NANI ATENGENEZAYE UDONGO MCHACHU?

Sasa tutoke ghalani twende shambani, maana huko pia watu hununua kitu kwa jina bila kujua mchezaji wake.

Kwanza, uchachu watoka wapi? Sehemu moja hutoka katika mbolea zenyewe. Viumbe vidogo vya udongo hugeuza amoniamu kuwa naitreti, na katika kazi hiyo huacha haidrojeni:

NH₄⁺ + 2O₂ → NO₃⁻ + H₂O + 2H⁺

Ndiyo sababu shamba lililotiwa SA au DAP miaka mingi bila chokaa hugeuka kuwa chachu, na hasa mahali penye mvua nyingi. Kipimo cha uchachu chaitwa pH. Kikishuka chini ya 5.5, aluminiamu iliyokuwa imefungwa udongoni huanza kuyeyuka, na mizizi ya mahindi hudumaa.

Chokaa hutibu hivi:

CaCO₃ + 2H⁺ → Ca²⁺ + H₂O + CO₂

Soma mlinganyo huu vizuri. Nani ameila haidrojeni? Ni kaboneti. Imeichukua haidrojeni ikageuka kuwa maji na hewa. Kalsiamu imefunguliwa tu kutoka katika jiwe, nayo yafaa kuwa chakula cha mmea, lakini si yenyewe iliyoondoa uchachu.

Na jasi je? Jasi ni CaSO₄. Ni nyeupe kama chokaa, na ina kalsiamu kama chokaa. Wako watu wanunuao jasi kwa kuamini kwamba kwa kuwa ina kalsiamu, itaondoa uchachu. Andika mlinganyo: kushoto Ca²⁺, SO₄²⁻ na H⁺. Kulia? Ni zile zile. Futa kalsiamu, futa salfeti, futa na haidrojeni. Karatasi imebaki tupu. Pale ambapo yote yamefutwa, hakuna kilichofanyika. Jasi ina faida zake: huleta kalsiamu na salfa, na hufaa katika udongo wenye magadi. Lakini anayeinunua kuondoa uchachu amenunua watazamaji watupu.

Ukiwa na shaka juu ya gunia la unga mweupe, weka kijiko kimoja katika kisahani na udondoshee maji ya ndimu au siki. Jiwe la chokaa litatoa povu, ambayo ni ile hewa ya CO₂. Jasi haitatoa. Lakini jihadhari, chokaa iliyozimwa ikiwa safi nayo haitoi povu, ingawa huondoa uchachu vizuri. Na jiwe la chokaa lenye magnesiamu hutoa povu pole pole. Kwa hiyo povu ni shahidi mmoja tu. Shahidi wa pili ni maandishi ya gunia.

MKULIMA ALIYEANZA KUULIZA

Msidhani kwamba mambo haya yalianza kwa wataalamu peke yao. Huko Yorkshire, Uingereza, palikuwa na mkulima aliyeitwa Harry Stephen Thompson, aliyeona uchungu kwamba nguvu ya samadi yapotea kwa mvua. Mwaka 1845 alipitisha maji yenye salfeti ya amoniamu katika udongo, akayapima yaliyotoka chini. Akakuta amoniamu nyingi imebaki udongoni, na maji yametoka na salfeti ya kalsiamu, yaani jasi. Kisha J. Thomas Way, mkemia wa chama cha kilimo cha Kifalme cha Uingereza, akachunguza zaidi, na mwaka 1850 habari zao zikachapishwa.

Kwa njia yetu ya leo twaweza kuieleza kazi ile kwa maneno machache. Salfeti iliingia, ikapita, ikatoka: mtazamaji. Wachezaji walikuwa amoniamu na kalsiamu, moja ikiingia katika nafasi ya nyingine iliyokuwa imeshikwa na udongo. Udongo una chaji ya kutoa, kwa hiyo hushika ioni zenye chaji ya kujumlisha. Naitreti ina chaji ya kutoa, haishikwi hivyo, na mvua kubwa huichukua kwenda chini. Ndiyo maana twashauriwa kutia mbolea ya kukuzia mahindi yakiwa tayari kuila, si kuitia yote mapema.

MAMBO YA KUSHIKA

1. Usichanganye chokaa iliyozimwa, wala jivu, na mbolea yenye amoniamu, kama CAN, SA au DAP. Usiziweke karibu ghalani mahali ambapo magunia yakipasuka yatakutana.

2. Tia chokaa kwanza, majuma kadhaa kabla ya kupanda, na kuichanganya vizuri na udongo. Mbolea ije baadaye.

3. Udongo upimwe kabla ya kununua chokaa. Asiyepima aweza kutia kidogo kisichofaa, au kuzidisha. Mwulize Bwana Shamba wako namna ya kuchukua udongo wa kupima.

4. Ukinunua gunia la kuondoa uchachu, tafuta neno kaboneti au haidroksidi. Neno kalsiamu peke yake halitoshi.

5. Ukisikia harufu kali ya amonia ghalani, fungua milango, watoto wakae mbali, kisha utafute mahali zilipokutana.

6. Ukishika chokaa iliyozimwa, linda macho na mikono.

ZOEZI LA NYUMBANI

Wapeni vijana wenu maswali haya mawili, nanyi mkae nao mezani.

La kwanza: maji ya kisima yana kalsiamu nyingi, na sabuni haitoi povu. Mama akitia soda ya kufulia, ambayo ni kaboneti ya sodiamu, unga mweupe hutuama na sabuni hutoa povu. Andika mlinganyo uliosafishwa.

La pili: mtu ameyeyusha chumvi ya mezani, NaCl, pamoja na naitreti ya amoniamu, NH₄NO₃, katika ndoo moja ya maji. Kumetokea nini?

Jibu la kwanza: Ca²⁺ + CO₃²⁻ → CaCO₃. Sodiamu ni mtazamaji. Unga mweupe huandikwa mzima kwa kuwa umetuama. Jibu la pili: hakuna kilichotokea. Ioni zote nne ziko pande zote mbili, na zote zafutwa.

Yule mzee alirudi baada ya mavuno kuchukua fomu ya kupimiwa udongo. Ile karatasi niliyomwandikia alikuwa nayo mfukoni, imekunjwa mara nne. Akaniambia kwamba ameipigilia nakala yake mlangoni mwa ghala, na ameiandika binti yake kwa herufi kubwa, mstari mmoja tu, ule wa mwisho. Nikamwuliza kama wageni hawamwulizi maana yake.

“Huniuliza,” akasema. “Nami huwaambia: chokaa siku yake, mbolea siku yake.”